Gofu ya ufukweni: Usipande ndege kabla hujavuka Horohoro!

Mwambie mtu wa Lushoto kwamba unapanga likizo ya gofu ng'ambo. Atakutazama kwanza usoni, halafu atakuuliza kama leo umekunywa chai. Simlaumu. Kwetu huku mlimani ukidondosha limau pale Magamba, unaweza ukaenda kuliokota Mombo. Mpira wa gofu utauchezea wapi?

Lakini ndiyo hivyo msomaji wangu, nyumbani kwetu jambo hilo liko mezani, tena lina daftari lake na kibubu chake. Kaka yangu ni kedi. Kwa wasioujua mchezo, kedi ni yule jamaa anayebeba begi la fimbo za mchezaji, anamwonyesha upepo unatokea wapi, anautafuta mpira ukipotelea majanini, na anakaa kimya kabisa mzee akikosea. Kazi hiyo anaifanya Dar, mwaka wa 11 huu, kwenye klabu ambayo siitaji. Jumatatu, wazito wakiwa maofisini, makedi huruhusiwa kucheza wenyewe, na hapo ndipo utamjua kaka yangu. Fimbo za kuazima, viatu vya kuazima, jamaa anamaliza mashimo 18 kwa mikwaju 78, na siku akiamka vizuri 75. Sio mchezo.

Sasa mwaka huu katimiza miaka 35, na katangaza. Kabla hajafika 40 lazima apige gofu kando ya bahari kule mchezo ulikozaliwa, Uskoti, yeye akiwa mchezaji na sio mbebaji. Kibubu kina shilingi 1,860,000. Kazi ya kuipanga safari nimepewa mimi, kwa sababu, anasema, "mdogo wangu, wewe ndiye unayeweza kukaa kitako ukasoma mambo mpaka mwisho." Cheti cha kidato cha nne nacho kina faida zake.

Mama yeye anauza maplamsi na mapeasi sokoni Lushoto, na maoni yake ni kwamba hela hiyo ni mabati. Paa la nyumba ya nyuma linavuja tangu masika ya mwaka juzi. "Mtu apande ndege kwenda kupiga kimpira na fimbo, mvua inipige mimi?" aliuliza. Kusema kweli wote wawili tulitazama chini.

Basi nimelichimba jambo hili wiki tatu. Niliyoyakuta nayamwaga hapa hapa, maana najua mko wengi huko mjini mnaoziona picha za majani ya kijani na bahari nyuma yake, mkadhani kinachokosekana ni nauli tu. Nauli ni kikwazo, sikatai. Ila kipo kikwazo kingine ambacho hata ukishinda bahati nasibu kesho hakikuachi upite.

ARDHI ISIYOLIMIKA

Tuanze na hiyo gofu ya baharini yenyewe. Waskoti wana neno lao, linksi. Ni ule ukanda wa mchanga ulio kati ya ufukwe na mashamba. Mchanga mtupu, vilima vidogo vidogo vilivyopangwa na upepo, nyasi fupi ngumu, mti hakuna. Ukipanda viazi pale unavuna aibu. Wakulima waliuacha ukanda huo, kondoo wakala nyasi zikabaki fupi kama zimenyolewa, na inasimuliwa kwamba kondoo hao hao, walipojikunja kujikinga na upepo, ndio walioanza kuchimba yale mashimo ya mchanga yanayowaliza wachezaji hadi leo. Kwa hiyo viwanja vya zamani kabisa vya gofu havikuchorwa na fundi yeyote. Watu walikuta pako hivyo, wakaanza kupiga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mchezo huu ungeota mizizi kule na sio kwetu. Zunguka Usambara yote, kuanzia Soni, Mlalo, Mtae, urudi Bumbuli. Nionyeshe ardhi ambayo Msambaa kaiacha kwa kuwa haifai! Hata pale mbuzi anaposimama kwa wasiwasi utakuta kabichi. Mchezo unaokula ekari mia na zaidi kwa ajili ya watu wanne wanaotembea polepole, kwetu ungepelekwa baraza la wazee.

Na usifikiri ulianza kama mchezo wa mabwana wenye kola. Mwaka 1457 Mfalme James II wa Uskoti aliupiga marufuku, pamoja na futiboli, kwa sababu vijana walikuwa wanautoroka ulengaji wa mishale. Yaani ulikuwa mchezo wa vijana watoro. Mji wa St Andrews una hati ya mwaka 1552, ambayo askofu mkuu wao John Hamilton alipewa ruhusa ya kufuga sungura kwenye linksi za mji, kwa sharti kwamba wananchi wabaki na haki yao ya kucheza gofu na mipira mingine pale pale. Sungura na gofu, uwanja mmoja. Baadaye, mwaka 1797, mji ulipofilisika, ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, na wapiga gofu na wafuga sungura wakazozana kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1821 mpenda gofu mmoja aliponunua ardhi ile. Hizo ni habari ambazo hata gazeti letu lingeziweka ukurasa wa mbele.

Mashimo 18 nayo hayakushuka kutoka mbinguni. St Andrews walikuwa wanacheza raundi ya mashimo 22, mwaka 1764 wakayaunganisha mengine ikawa 18, na dunia yote ikafuata.

Lakini lililomfanya kaka asimame kwenye kiti ni hili. Mashindano yale makubwa ya Open yalianza Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti, mwaka 1860. Wachezaji wanane tu. Walizunguka kiwanja cha mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Aliyeshinda anaitwa Willie Park, kwa mikwaju 174, akavishwa mkanda kama wa bondia. Na huyo Willie Park, mtoto wa mji wa Musselburgh, alianza maisha akiwa kedi.

"Rudia hapo," kaka aliniambia. Nikarudia. Akaniambia tena rudia.

ST ANDREWS SIO YA WENYEWE PEKE YAO

Watu wengi, na mimi nikiwemo kabla ya wiki hizi tatu, tunadhani kiwanja maarufu kuliko vyote duniani lazima kiwe na geti, mbwa na mzungu mwenye sharubu. Wapi! Old Course ya St Andrews ni kiwanja cha umma. Tangu mwaka 1974 kinaendeshwa na chombo cha umma, St Andrews Links Trust, pamoja na vingine sita. Vyote saba viko pale pale mjini au kando yake. Jumapili Old Course hufungwa, na wenyeji hupita katikati yake wakitembeza mbwa na watoto, labda pawe na mashindano makubwa. Hebu fikiri, mtu anasukuma kigari cha mtoto juu ya majani ambayo wengine wamesafiri nusu ya dunia kuyakanyaga.

Nafasi ya kucheza hupatikana kwa njia kadhaa, na ya mnyonge ni bahati nasibu. Siku mbili kabla ya siku unayoitaka mnaandikisha majina, kuanzia watu wawili hadi wanne, kompyuta inachezesha, jioni mnajua kama mmepata. Aliye peke yake zamani alipanga foleni usiku kucha nje kwenye baridi, kama sisi na sukari miaka ile. Mwaka 2024 foleni hiyo ikafutwa, nayo ikawa bahati nasibu.

Bei sasa. Kaa chini. Mwaka 2024, msimu wa watalii, raundi moja ya Old Course ilikuwa pauni 320. Kwa madafu ni zaidi ya milioni moja. Raundi moja! Kedi humo hamna, chai humo hamna. Kibubu cha kaka kingenunua raundi moja na nusu, halafu angebaki amesimama katikati ya uwanja bila nauli ya kurudi.

Ila mji ule una milango ya nyuma, na mimi milango ya nyuma ndiyo kazi yangu. Upo uwanja wa Balgove, mashimo tisa, wa watoto na wanaojifunza, bei ya kawaida kabisa. Na upo ule wanaouita Himalayas. Huo ni uwanja wa kusukumia tu, yaani unautumbukiza mpira shimoni kwa fimbo fupi juu ya nyasi zenye mabonde na vilima, na ukitoa pauni chache unaingia hata kama hujawahi kushika fimbo. Wenyewe ni akina mama. Chama chao cha wanawake kilianzishwa mwaka 1867, enzi ambazo mwanamke kuinua fimbo juu ya bega ilionekana kukosa adabu. Ile klabu ya wanaume iliyo karibu, Royal and Ancient, iliyoanzishwa mwaka 1754, ilikuja kukubali wanachama wanawake mwaka 2014. Miaka 260 wanafikiria! Mimi nikifika huko nitaanzia Himalayas. Mtoto wa Lushoto hawezi kushindwa na vilima.

Na huko Musselburgh alikotoka Willie Park, nje kidogo ya Edinburgh, kipo kiwanja cha kale cha mashimo tisa ambacho kumbukumbu zake za maandishi zinafika mwaka 1672. Kiko katikati ya uwanja wa mbio za farasi, kwa hiyo siku ya mbio hakuna gofu. Open ilichezwa hapo mara sita, kati ya mwaka 1874 na 1889. Unaweza kukodi fimbo za mti za mtindo wa babu zao. Bei yake ni kipande tu cha bei ya St Andrews. Nikimpangia kaka safari ya Uskoti leo, siku ya kwanza ni Musselburgh bila mjadala. Kedi akasalimie kedi.

KADI, KADI, KADI

Sasa kile kikwazo nilichowaahidi. Ili ukanyage Old Course unatakiwa uonyeshe handikapu isiyozidi 36. Handikapu ni namba inayosema uwezo wako. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo ulivyo mkali. Kaka akikokotolewa vizuri hafiki hata 10. Kwa uwezo, anaingia huku anapiga mluzi.

Tatizo, handikapu haiandikwi kwa mdomo. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja, na ili uipate lazima uwe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na chama cha gofu cha nchi yako. Halafu urudishe kadi za matokeo zinazofika mashimo 54, zikiwa zimetiwa saini na mwenzako aliyekuona ukicheza. Raundi tatu tu za mashimo 18, au sita za tisa. Raundi tatu! Kaka kesha kucheza mamia. Lakini za Jumatatu za makedi hazikuandikwa popote. Miaka 11 ya gofu, kwenye karatasi ni sifuri. Tajiri aliyejifunza juzi, anayepiga mikwaju 110 na kumlaumu kedi, ana kadi. Anayemwonyesha wapi apige hana.

Nilipomwambia hivyo kwenye simu alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Kwa hiyo sio ndege."

Sio ndege, kaka. Ni uanachama.

Na hapo ndipo daftari letu lilipogeuka juu chini. Kumbe hela ya kwanza haiendi kwa wakala wa tiketi. Inaenda kwenye ada ya klabu ndogo ambayo mtu wa kipato chetu anaweza kuilipa kwa mafungu. Na zipo. Tanzania viwanja vya gofu sio vingi, lakini Dar pia si lazima uanzie Gymkhana. Lugalo kipo cha jeshi, na mikoani kuna Morogoro, Moshi, Arusha na Mufindi. Uliza ada, uliza kama wanapokea kwa awamu, uliza kama kedi anakubaliwa kuwa mwanachama. Hilo la mwisho uliza mapema kabisa, usije ukaliuliza ukishatoa hela.

Viza nayo ina mambo yake. Ya kutembelea Uingereza, ambayo ndiyo inayotumika Uskoti, mwaka 2025 ilikuwa pauni 127, na ukinyimwa hairudi. Wanataka kuona hela iliyokaa benki, sio iliyoingizwa jana na shemeji. Wanataka sababu ya wewe kurudi, kama ajira, biashara, shamba au familia. Kedi analipwa mkononi mwisho wa raundi. Mwandishi wa kujitegemea kama mimi naye, mhariri anisamehe, hali yangu anaijua. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana yeyote mwenye ndoto hii ni kufungua akaunti leo na kupitisha kipato chake humo, hata kama ni elfu kumi kumi, kwa mwaka mzima kabla hajajaza fomu. Karatasi tena! Safari yote hii ni karatasi, gofu ni dakika chache tu mwishoni.

Baada ya hapo mengine ni mepesi. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hakuna, unabadilishia Doha, Istanbul au Addis Ababa. Ukifika Edinburgh unapanda treni kama saa moja hadi Leuchars, kwa kuwa St Andrews kwenyewe treni haifiki, halafu basi dakika chache. Nenda Juni, mwanga upo mpaka saa nne usiku, unaweza kuanza raundi wakati sisi huku tunasonga ugali. Baridi isikutishe. Sweta za mitumba za soko la Lushoto zimetoka huko huko, zitakuwa zinarudi kwao kutembea.

HESABU MPYA

Nikamrudia mama na daftari. Nilimsomea hivi: mabati na mbao 900,000. Pasipoti mbili, kila moja 150,000, jumla 300,000. Ada ya klabu, fungu la kwanza, 300,000. Zinabaki 360,000. Mama akauliza hizo za mwisho za nini. Nikamwambia Mombasa.

"Mombasa ya shangazi yenu?"

Ndiyo, mama. Shangazi kaolewa Ukunda miaka mingi, kitanda kipo. Akavuta daftari akalitazama kama anayehakikisha mizani ya mteja mjanja, akaanza kuulizia bei ya misumari. Nikajua limepita.

MIAMBA YA MWAKA 1911

Maana jamani, tunatafuta nini? Gofu, bahari, historia, na nje ya nchi. Vyote vinne viko ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mombasa Golf Club ilianzishwa mwaka 1911. Ina mashimo tisa juu ya miamba ya matumbawe, upande wa Mama Ngina Drive, bahari ya Hindi ikigonga chini, na meli zinazoelekea Kilindini zikipita mbele yako kana kwamba zinakuja kuangalia unavyopiga. Afrika Mashariki nzima viwanja vya umri huo vinahesabika. Entebbe wanatajwa tangu mwaka 1901, Nairobi 1906, na Waingereza wa Unguja nao walikuwa wanapiga pale Mnazi Mmoja. Sehemu kubwa ya viwanja hivyo iko bara. Wa Mombasa unakupa chumvi mdomoni.

Mjuzi atanirukia: ule sio linksi halisi, chini ni jiwe na sio mchanga. Sawa, kashinda. Lakini kinachoifanya gofu ya Uskoti iwe Uskoti ni upepo, na upepo pwani yetu una majina kabisa. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni kusi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi ni kaskazi. Shimo ulilolipiga Januari kwa fimbo nyepesi, Julai unalirudia na fimbo nzito na bado mpira unarudishwa kama barua isiyo na stempu. Huko ndiko mtu anajifunza kupiga mpira wa chini chini unaokimbia ardhini badala ya kuurusha juu upeperuke. Ndivyo wanavyocheza Waskoti siku ya upepo. Kaka ameyasema haya kwa mabosi wake miaka 11. Safari hii atayafanya.

Miezi ya kwenda, naikwepa Aprili na Mei kwa ajili ya masika. Sisi tumeandika Agosti, kusi likiwa limeshika adabu, na Lushoto kukiwa na baridi ya kukimbiwa.

Njia ni hii. Basi la alfajiri kutoka Lushoto linashuka zile kona hadi Mombo, kilomita kama 33, kaa upande usioona bonde kama una roho nyepesi. Halafu Korogwe, Segera, Muheza, Tanga. Tanga kula, usiende mpakani na njaa. Kutoka hapo hadi Horohoro ni kilomita kama 65 za lami. Mpakani unagongewa muhuri upande wetu, unavuka Lunga Lunga. Mtanzania haombi viza ya Kenya. Kadi ya njano ya chanjo iwe mfukoni, isiwe "nimeiacha nyumbani". Badilisha hela kidogo tu mpakani, wale vijana wana vidole vyepesi. Ukunda ni njiani, sisi tunashukia kwa shangazi. Anayeendelea hadi Likoni anapanda feri, na mtembea kwa miguu halipi. Ukishuka upande wa kisiwani, uwanja wenyewe hauko mbali.

Kabla ya kuondoka piga simu klabuni, ulize siku ambazo hakuna mashindano, ada ya mgeni, na kama wana fimbo za kukodi. Vaa shati lenye kola, suruali ya kitambaa au kaptura ya heshima. Jinsi acha kwa shangazi. Usimringie kedi utakayempata, anaijua kila pembe ya upepo ule, mlipe vizuri na mpe maji.

Ukibakiwa na mshiko, pwani hiyo hiyo ina vingine. Diani kuna mashimo 18 ya Leisure Lodge, kisiwani ukivuka daraja kuna Nyali, klabu ya mwaka 1956, na juu kidogo njia ya Kilifi kuna Vipingo Ridge, ambako wanawake wa kulipwa kutoka Ulaya wamekuja kushindana katika Magical Kenya Ladies Open. Huko Vipingo sisi tutaangalia kwa nje. Nyali kaka anataka kuona tu jinsi majani yanavyokatwa, hayo ni mambo yao makedi, hamtaelewa na mimi sielewi.

Kuhusu Mombasa limebaki swali moja, nalo lilitokea juzi kwenye simu. Kaka kauliza nani atambebea begi. Kasema kedi wa pale atamlipa ada yake kamili, kwa kuwa anajua maana yake, ila begi angependa libebwe na mtu wa nyumbani. Nimekubali. Begi la gofu likijaa lina uzito wa debe la viazi, na mimi viazi nimebeba kutoka Lukozi tangu darasa la tano. Nimemwekea sharti moja tu: akikosea, sitanyamaza.